Lori la taka limemvunja mguu mdogo wangu, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Fidia tunamdai nani?

#1 Mwana wa Fundi
Wakuu, habari za muda huu.

Mdogo wangu ni bodaboda hapa Dar. Mwezi wa pili, alfajiri, alikuwa amekaa juu ya pikipiki kijiweni, pembeni kabisa mwa barabara, anasubiri abiria wa kwanza. Lori la taka likaja kinyumenyume kufuata mapipa yaliyokuwa upande wa pili. Nyuma hakukuwa na mtu wa kumwongoza dereva. Likamsukuma na pikipiki yake mpaka kwenye ukuta wa mtaro. Mfupa wa paja umevunjika, amewekewa chuma, na daktari ametuambia wazi kwamba mguu ule hautarudi kama zamani. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba na ilibaki miezi michache tu iwe yake.

Sasa tatizo. Namba za lori ni za kawaida, T na tarakimu zake. Ubavuni pana jina la kampuni ya usafi. Mwenye lori anasema alilikodisha kwa kampuni, hivyo tuiulize kampuni. Kampuni inasema dereva alikuja na lori, siyo mtu wao, na kazi ni ya manispaa. Manispaa wanasema mzabuni amesaini kubeba madhara yote. Dereva ni dei waka, kibarua wa siku tu, alikiri kosa mahakamani, akapigwa faini, simu yake haipatikani tena.

Jambo la pili linaloninyima usingizi: dogo akiwa bado wodini, mtu wa kampuni alimletea laki tano na karatasi iliyochapwa. Akasaini. Imeandikwa kwamba "hana madai mengine yoyote".

Naomba kuelekezwa. Tunamdai nani, na ile karatasi imeshatufunga?

#2 Kaa Chonjo
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, wa kwangu naye anaendesha boda.

#3 Mzigo Mzito
Ukweli mchungu: aliyesaini kasaini. Laki tano ndiyo fidia yenu. Kesi za ajali zinakula miaka, mwishoni wakili anakula zaidi ya mgonjwa. Fanyeni harambee mumnunulie dogo bajaji.

#4 Sheria Kiganjani
Mzigo Mzito, usimkatishe mtu tamaa kabla hajaanza.

Mwana wa Fundi, anzia kwenye bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu ndiye mdogo wako. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wa kuhakiki stika, weka namba ya gari, uone ni kampuni gani ya bima na kama bima ilikuwa hai SIKU YA AJALI. Siyo leo, siku ya ajali. Piga picha matokeo uyahifadhi.

Ukishapata hilo, suala la mwenye lori na kampuni kurushiana mpira linapungua uzito, kwa sababu bima inafuata gari.

#5 Chuma Kimoja
Mimi natofautiana. Taka ni kazi ya manispaa kwa sheria. Hata wakimpa mzabuni, jukumu linabaki kwao. Wapeleke manispaa, wape notisi ya siku 30, wakikaa kimya nenda mahakama ya wilaya. Wana hela, hawahami, hawabadilishi namba ya simu.

#6 Karani wa Masijala
Chuma Kimoja, hiyo ya siku 30 ilikuwa zamani. Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa: halmashauri za miji na wilaya ziliingizwa kwenye utaratibu wa Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Sasa ni notisi ya siku 90, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Ukienda mahakama ya wilaya na notisi ya siku 30, wakili wa serikali anasimama dakika tano tu na pingamizi la awali, kesi inaondolewa na unaanza upya.

Nimekaa masijala, nimeziona zikirudi hivyo. Watu wana madai ya kweli kabisa, wanaangukia mlangoni.

#7 Chuma Kimoja
Nimekubali kuhusu siku. Lakini hoja ya jukumu bado ipo palepale. Umenijibu utaratibu, hujanijibu nani anadaiwa.

#8 Karani wa Masijala
Ni kweli sijajibu, na nilikwepa kwa sababu ndipo penye ubishi. Kanuni ya kawaida ni kwamba mwajiri hubeba kosa la mtumishi wake aliyelitenda akiwa kazini. Mzabuni anayejitegemea siyo mtumishi. Hapo ndipo manispaa huwa wanajificha. Lakini manispaa wakiwa ndio waliopanga njia, saa na kusimamia lori kila siku, wakili mzuri anaweza kujenga hoja kwamba uzabuni ni wa kwenye karatasi tu. Inategemea mkataba unasemaje na uhalisia ukoje.

#9 Nyota ya Kusini
Namba za gari zinaeleza nusu ya habari, watu huwa hawaangalii. Lori likiwa na namba za SM ni la serikali za mitaa, SU ni shirika la umma. Hapo unajua moja kwa moja unashughulika na nani na notisi ni ya siku ngapi. Kibao cheupe cha T ni gari la biashara, cha njano ni la binafsi. Mkuu, la kwenu kibao kilikuwa rangi gani?

#10 Mwana wa Fundi
Cha njano, mkuu. Nina picha aliyopiga kijana wa kijiweni.

#11 Nyota ya Kusini
Lori linafanya kazi ya zabuni kwa kibao cha njano? Basi jiandae, hapo kwenye bima patazuka maneno.

#12 Tandiboi Mstaafu
Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme, maana mnaongelea magari niliyoyapanda.

Nimefanya kazi ya kupakia taka miaka kadhaa. Lori la taka la mtaani linaishi kwa tripu. Dereva analipwa kwa tripu, sisi wa nyuma tunalipwa kwa tripu. Dampo ni Pugu Kinyamwezi. Mvua ikinyesha, njia ya ndani kule inakuwa tope, foleni ya malori haisogei, unaingia asubuhi unatoka jioni. Kwa hiyo dereva anayetaka tripu mbili lazima awe ameshajaza lori kabla jiji halijaamka. Ndiyo maana ajali nyingi za haya magari ni alfajiri, na nyingi ni za kurudi nyuma, kwa sababu mitaa yetu haina pa kugeuzia. Unaingia mbele, unatoka kinyumenyume.

Mtu wa kumwongoza dereva alipaswa kuwa mmoja wetu. Lakini wote tunakuwa juu au kwenye mapipa, tunakimbizana na muda. Taa za nyuma zimezibwa na uchafu au hazipo. Kengele ya kurudi nyuma, kama ilikuwepo, imekufa siku nyingi. Na kelele za kubamiza mapipa zinafanya dereva asisikie hata akipigiwa ukelele.

Kwa hiyo msimtupie dereva peke yake. Yule aliyepanga malipo kwa tripu ndiye aliyeleta ile haraka.

#13 Mzaramo Halisi
Tandiboi umeongea. Ila na bodaboda nao tuseme. Vijiwe vingine viko kwenye kona, kwenye maingilio ya soko, pikipiki kumi zimejipanga mpaka lori halioni mtaro uko wapi. Je, kijiwe hicho kimesajiliwa? Mdogo wako alikuwa na leseni? Mwanasheria wa upande wa pili atauliza hayo swali la kwanza.

#14 Kijiwe cha Mwembe
Mzaramo umeanza. Kila ajali lazima bodaboda awe na kosa hata akiwa amekaa! Mtu hayuko kwenye mwendo, amesimama pembeni, bado unataka aonekane mkosaji?

#15 Mzaramo Halisi
Sijasema mkosaji. Nimesema ataulizwa. Bora aulizwe na mimi hapa kuliko kule mahakamani.

#16 Sheria Kiganjani
Wote mna hoja. Kinachoitwa uzembe changizi kipo. Mahakama ikiona majeruhi naye alichangia, fidia inapunguzwa kwa kiwango cha mchango wake, haifutwi. Kukosa leseni kwa mtu aliyekuwa amesimama hakusababishi lori limgonge. Leseni haina uhusiano na kurudi nyuma bila mwongozaji. Mahali alipokuwa amesimama ndipo penye hoja, kwa hiyo ramani ya ajali iliyochorwa na trafiki ni muhimu sana. Mwana wa Fundi, mnayo?

#17 Mwana wa Fundi
Tuna PF3 tu, ile fomu ya polisi ya matibabu. Hayo mengine hatujapewa.

#18 Sheria Kiganjani
Rudini kituoni, mwone mpelelezi wa ajali ile. Mnahitaji taarifa ya ajali (PF90), taarifa ya ukaguzi wa gari (PF93) na ramani ya ajali. Ile ya ukaguzi ndiyo itaonyesha kama breki, taa na kengele ya nyuma vilikuwa vinafanya kazi, na hapo maneno ya Tandiboi yanageuka ushahidi.

Halafu nendeni mahakama iliyomtoza faini dereva, ombeni nakala ya mwenendo na hukumu. Hii watu wengi hawaijui: chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ambayo muda wake wa rufaa umepita inachukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Dereva akiwa amekiri kuendesha kwa uzembe, hamna haja ya kuthibitisha uzembe upya kwenye kesi ya madai. Mnabaki na mambo mawili: nani anabeba kosa la dereva, na hasara ni kiasi gani.

#19 Mama Wawili
Naomba nichangie kwa yaliyonikuta, huenda yakasaidia.

Mume wangu aligongwa na lori, siyo la taka, la mchanga. Tulishinda kesi. Lakini tulichopata kilikuwa kidogo kuliko tulichotumia, na sababu ni risiti. Zile risiti za mashine huwa zinafutika. Nilizihifadhi kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, siku ya kuzitoa ni karatasi nyeupe tupu. Dawa, vipimo, magongo, vyote nilinunua kweli, lakini hakimu akasema hasara mahususi, yaani hela halisi uliyotumia, lazima itajwe na kuthibitishwa kikamilifu. Akatupatia tu fidia ya jumla kwa maumivu, ile ambayo mahakama inakadiria yenyewe.

Kaka, kila risiti itolee fotokopi siku hiyo hiyo na uipige picha. Usafiri wa kwenda kliniki, mwombe mwenye bajaji akuandikie na asaini. Na mtu anayemuuguza ameacha kazi gani, andikeni.

#20 Kijiwe cha Mwembe
Dada asante. Na kipato cha boda kinathibitishwaje? Sisi hatuna hati ya mshahara.

#21 Mama Wawili
Sisi mume wangu alikuwa fundi, naye hakuwa na hati. Tulipeleka miamala ya simu na watu wawili waliokuwa wanampa kazi. Kwa boda kuna ule mkataba wa pikipiki, unasema kila siku analipa kiasi gani kwa mwenye chombo. Mtu anayepeleka hesabu kila siku bila kukosa lazima alikuwa anaingiza zaidi ya hapo. Na mwenyekiti wa kijiwe aje kutoa ushahidi.

#22 Bahari ya Kale
Salamu kutoka Mombasa. Huku mambo yanafanana ila namba zinatofautiana. Sheria yetu ya bima, Cap 405, imeweka kikomo cha shilingi milioni tatu za Kenya kwa mtu mmoja, zaidi ya hapo unamfuata mwenye gari mwenyewe. Madai madogo yasiyozidi milioni moja yanaenda Mahakama ya Madai Madogo, hata ya majeraha, na huko mambo huenda upesi kidogo. Badala ya PF3 tuna P3, na polisi wanakupa abstrakti, yaani muhtasari wa taarifa ya ajali.

Jambo la kuangalia ni muda. Ajali ya kawaida una miaka mitatu. Lakini ukiishtaki serikali au mamlaka ya mtaa ni miezi kumi na miwili tu. Malori ya kaunti yanayoenda dampo la Mwakirunge yakikugonga, usilale.

#23 Karani wa Masijala
Bahari ya Kale, shukrani, maana umegusa jambo ambalo hapa halijasemwa. Kwetu pia, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madhara ya namba hii ni miaka mitatu kuanzia siku ya tukio. Lakini jedwali lake la kwanza lina kipengele cha mwaka mmoja kwa madai ya fidia kwa kitendo kilichofanywa, au kilichoachwa kufanywa, katika kutekeleza sheria iliyoandikwa. Nani atazuia wakili wa manispaa asiseme kuzoa taka ni kutekeleza sheria, kwa hiyo mna mwaka mmoja tu? Wengine watampinga. Mimi ningeandika notisi mapema nisubiri hizo siku 90 zikiwa ndani ya mwaka, ili ubishi huo usinihusu.

#24 Bronx Mswahili
Huku New York nako ni siku 90! Lori la taka la jiji likikugonga unapeleka taarifa ya madai ndani ya siku 90. Kumbe sheria ni zilezile.

#25 Karani wa Masijala
Angalia vizuri mkuu, mwelekeo ni kinyume. Huko siku 90 ni za kukukimbiza: zikipita tangu ajali bila kupeleka taarifa, umepoteza isipokuwa mahakama ikuruhusu. Hapa siku 90 ni za kukusubirisha: unatoa notisi, unakaa, ndipo unafungua kesi. Mtu akichanganya hizi mbili ataumia pande zote.

#26 Bronx Mswahili
Sawa kabisa, na baada ya hapo huku una mwaka mmoja na siku 90 za kufungua kesi dhidi ya jiji. Kitu kingine, mawakili wa ajali huku hawachukui hela mwanzoni, wanachukua kama theluthi ya utakachopata. Ndiyo maana matangazo yao yamejaa kwenye treni.

#27 Mzigo Mzito
Theluthi! Bado mnabisha nilichosema #3?

#28 Kaa Chonjo
Mzigo Mzito wewe ungeishi huko ungekuwa tangazo la kwenye treni la kuwakataza watu kushtaki 😂

#29 Tandiboi Mstaafu
Mmesahau watu wa juu ya lori. Jamaa yangu alidondoka toka nyuma ya lori, gurudumu likapita kwenye kiganja. Mwajiri akasema wewe ni kibarua, huna mkataba. Watu kama yeye wana pa kwenda?

#30 Sheria Kiganjani
Wana. Kwa Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kupokea michango mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, siyo mfanyakazi, na fidia haiangalii nani alikuwa na kosa. Kukosa mkataba ulioandikwa hakumfanyi mtu asiwe mfanyakazi. Inaangaliwa uhalisia wa kazi. Mwambie asichelewe kutoa taarifa. Hata kama mwajiri hakumsajili, aende ofisi za Mfuko aeleze.

#31 Mwenye Shamba la Karafuu
Na Zanzibar tuna sheria zetu za fidia kwa wafanyakazi, mtu asichukue ya Bara akaenda nayo Unguja.

#32 Mzee wa Barazani
Vijana, niwakumbushe kitu. Kuna watu wanaamini mwananchi hawezi kuishinda halmashauri kwenye mambo ya taka. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo la pale Tabata. Moshi, nzi, harufu, watoto wanaugua. Wakashinda, jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka pale. Jiji halikutii haraka, lilivutana nao na kuomba muda, lakini mwishowe dampo likahama. Mimi nilikuwa nakaa jirani na pale, nilihema upya.

#33 Chuma Kimoja
Mzee shikamoo. Na likahamia wapi? Vingunguti! Kwa hiyo watu wa Tabata walishinda, wa Vingunguti wakapokea.

#34 Mzee wa Barazani
Marahaba. Hilo ni kweli kabisa, na baadaye likaenda Mtoni, halafu Pugu. Mahakama iliamua kesi iliyokuwa mbele yake. Jiji ndilo lililochagua pa kupeleka.

#35 Mwana wa Fundi
Wakuu nimerudi na taarifa. Asanteni sana wote.

Nimehakiki namba TIRA. Bima ya lori ilikuwa hai siku ya ajali. Nimeenda kwenye kampuni ya bima, wamenipokea vizuri, ila wamesema bima ile ni ya lori la mizigo ya mwenyewe, siyo la kukodisha, kwa hiyo mmiliki amevunja masharti na wao hawawajibiki. Alichosema Nyota ya Kusini kuhusu kibao cha njano kimetokea vilevile. Wameuliza pia leseni ya dereva ni ya daraja gani.

Polisi wametupa PF90 na ramani. Ramani inaonyesha dogo alikuwa nje ya barabara. Ya ukaguzi wa gari bado.

#36 Sheria Kiganjani
Hiyo ramani itunze kama cheti cha ndoa.

Kuhusu bima: ugomvi wa masharti ni wao na mteja wao. Sura ya 169 inasema ukipata hukumu dhidi ya mwenye bima kwa jambo ambalo sheria inalazimisha likatiwe bima, kampuni ya bima inalipa hiyo hukumu hata kama ilikuwa na haki ya kuvunja mkataba. Ikishalipa, imfuate mteja wake. Lakini lazima iwe imepewa notisi ya kesi kwa wakati. Toeni notisi kwa maandishi, wagonge muhuri kwenye nakala yenu.

#37 Wakili Kijana
Naongezea hapo, maana watu wanakosea sana. Kampuni ya bima haina mkataba na majeruhi. Msimamo wa wengi kwenye taaluma ni kwamba unamshtaki dereva na mmiliki, unaipa bima notisi, unapata hukumu, ndipo unaigeukia bima. Ukiiweka bima kama mdaiwa wa kwanza wataomba waondolewe.

Pia nisahihishe #36 kidogo. Sheria hiyo inaipa bima mwanya: inaweza kufungua shauri lake yenyewe kuomba itamkwe kwamba ilikuwa na haki ya kuvunja bima kwa sababu mteja alificha au kudanganya jambo la msingi. Mtu aliyesema "mizigo yangu mwenyewe" huku akibeba taka za zabuni, wanaweza kujaribu njia hiyo. Siyo kwamba watashinda, lakini msiingie mkidhani mlango huo haupo.

#38 Sheria Kiganjani
Wakili, nimeona bima ikiwa mdaiwa kwenye kesi nyingi tu na zikaenda mpaka mwisho.

#39 Wakili Kijana
Zipo, hasa bima yenyewe isipopinga. Ndiyo maana nimesema msimamo wa wengi. Kwa kesi hii ningemweka dereva, mmiliki na kampuni ya usafi. Hao watatu wanaenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambako kikomo cha madai ya namba hii ni milioni 200, na kinachohesabiwa ni madai mahususi, siyo fidia ya jumla.

#40 Chuma Kimoja
Na manispaa umeiacha!

#41 Wakili Kijana
Ukiiingiza manispaa unahamia Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu anaingia, notisi ya siku 90, gharama na muda. Unachopata ni mdaiwa mwenye hela za uhakika. Ni kupima. Bima ikiwa imara, manispaa haihitajiki sana. Bima ikitetereka, manispaa inakuwa ya muhimu.

#42 Chuma Kimoja
Na bima imeshaanza kutetereka toka #35. Kwa hiyo toeni notisi manispaa sasa, kutoa notisi siyo kufungua kesi. Siku zihesabike wakati mnaendelea na mengine.

#43 Karani wa Masijala
Hapo leo nimeungana na Chuma.

#44 Nyota ya Kusini
Bado swali la karatasi ya laki tano halijajibiwa, na mwenye uzi aliliweka kwenye mistari ya kwanza.

#45 Wakili Kijana
Karatasi ile ni mkataba wa kusuluhisha, na mkataba unahitaji ridhaa huru chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mtu yuko wodini, ana dawa za maumivu, hajui mguu wake utaishia wapi, hajapewa nafasi ya kumwuliza mtu yeyote. Kuna hoja nzuri ya ushawishi usiofaa. Pateni faili la hospitali linaloonyesha siku ile alikuwa kwenye hali gani, dawa gani alipewa, saa ngapi. Alikuwepo nani wakati wa kusaini? Alisomewa?

#46 Mwana wa Fundi
Shangazi alikuwepo. Anasema yule mtu aliwaambia ni karatasi ya kukiri kupokea hela ya dawa.

#47 Wakili Kijana
Basi shangazi ni shahidi wenu mkubwa. Aandikiwe maelezo yake sasa hivi akiwa bado anakumbuka maneno.

#48 Mzigo Mzito
Mimi bado naona mahakama itasema mtu mzima alisaini na hela akala. Kama hataki mkataba mbona hajarudisha laki tano?

#49 Mama Wawili
Mzigo Mzito, laki tano kwa mtu aliyewekewa chuma haifiki hata wiki. Ilishaingia kwenye dawa. Inaweza kukatwa kwenye fidia, hilo sawa.

#50 Wakili Kijana
Mama Wawili amesema sahihi: ombeni ihesabiwe kama malipo ya awali. Lakini siwezi kumwambia Mzigo Mzito amekosea moja kwa moja. Upande wa pili watasema hivyohivyo, na kuna siku hakimu atawasikiliza. Ndiyo maana kampuni kutumia neno "hela ya dawa" ina uzito, na itasaidia zaidi kama mmiliki na bima hawakutajwa kwenye karatasi ile. Nani hasa ametajwa kuwa ameondolewa madai?

#51 Mwana wa Fundi
Imetaja kampuni ya usafi tu. Mmiliki wa lori hayumo.

#52 Kijiwe cha Mwembe
Hapo hapo! Mmiliki hayumo, bima inafuata gari la mmiliki. Tumerudi #4.

#53 Wakili Kijana
Msikimbilie. Wanaweza kusema madai ni mamoja na yamekwisha. Lakini ningependa kuwa upande wenu kuliko wao.

#54 Kaa Chonjo
Na asiye na hela ya wakili?

#55 Karani wa Masijala
Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo. Nendeni ustawi wa jamii au kwa wasaidizi wa kisheria kwenye kata. LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (chama cha wanawake wanasheria) nao wanasaidia. Kwa wakili wa kulipwa, andikianeni ada kabla, mjue analipwa kiasi gani na lini, na fidia ikitoka ipitie akaunti ipi. Ugomvi wa wakili na mteja baada ya kushinda ni mwingi kuliko mnavyodhani.

#56 Mwana wa Fundi
Kesho naenda kumwona msaidizi wa kisheria na hizi karatasi zote. Notisi ya bima na ya manispaa tutaziandika wiki hii. PF93 bado naisaka.

#57 Tandiboi Mstaafu
Kama bado lori liko kituoni, nenda ukalipige picha nyuma kabla hawajalitengeneza. Taa, kioo cha pembeni, ngazi. Wakilitoa tu, kesho yake lina taa mpya.

#58 Mpanda Vespa
Samahani kwa kuingilia. Mimi sikugongwa, ila yale maji meusi yanayomwagika toka lori la taka yalifanya niteleze kwenye mzunguko, nikavunjika mkono. Lori lenyewe lilishapita, sikuchukua namba. Nina chochote?

#59 Sheria Kiganjani
Pole. Bila namba ni vigumu sana, bima haiwezi kuguswa. Eneo hilo linahudumiwa na mzabuni gani? Kuna kamera kwenye kituo cha mafuta au benki pale karibu? Nenda leo hii, picha zake huwa hazikai muda mrefu. Na anzisha uzi wako, huu umeshakuwa mrefu.